Futeni Neno "Bwana" Kwenye Kibao cha Marikebuni

Wanangu wa kundi la baiskeli,

Nimekiona kibao chenu. Kadzo, kiongozi wenu, alinionyesha picha yake kwenye simu, nami nikavaa miwani nikakisoma neno kwa neno, kama nilivyosoma kila kilicholetwa mezani kwangu nilipokuwa karani wa ukaguzi wa barabara hapa Malindi. Kimepakwa rangi vizuri na herufi zimenyooka. Mmekisimamisha Marikebuni, inapoanzia njia ya kwenda Marafa, na kinasema hivi: "Njia ya Bwana Teremka. Njia tulivu ya baiskeli katika vilima vya volkeno. Imepewa jina la mtumishi wa serikali ambaye katika miaka ya themanini aliteremka baiskeli yake ili kumsalimu kila raia aliyekutana naye."

Bwana Teremka ni mimi, Athumani wa Shela, Malindi. Mmeniomba nije siku ya uzinduzi, nikate utepe, kisha niwaeleze vijana maneno mawili matatu kuhusu kazi. Kabla ya kukubali au kukataa, nina wajibu wa kusema kwamba kibao hicho kina makosa mawili. Sikuitumikia serikali hadi nikastaafu ili leo ninyamaze mbele ya maandishi yenye makosa, tena yaliyopakwa rangi isiyofutika kwa maji.

Nianze na kosa jepesi.

Marafa hakuna volkeno. Haikuwako nilipokuwa nikikagua barabara ile, na sijasikia kwamba imehamia huko tangu nistaafu. Lile korongo mnalowapeleka wageni, lenye kuta nyekundu, nyeupe na za rangi ya machungwa, limechongwa na mvua na upepo katika mchanga na udongo laini. Wenyeji huliita Nyari, na ukiwauliza asili yake watakueleza juu ya ardhi iliyovunjika yenyewe, na juu ya watu matajiri waliojivuna hadi wakaogea maziwa. Hakuna hata mmoja atakayekutajia moto. Moto uliletwa na wageni, walipopaita Jiko la Jehanamu. Mtu akisikia jiko hutafuta moto, na akisikia moto ulio chini ya ardhi huikumbuka volkeno aliyofundishwa darasa la sita. Ndivyo uongo unavyopata uraia. Tafadhali andikeni "vilima vya mchanga na udongo mwekundu". Mgeni atakayekataa kuja kwa sababu hiyo hakuwa na miguu ya kupanda vilima vyenyewe.

Kosa la pili ni zito zaidi, na nimeshika kalamu mara kadhaa nikaiweka chini. Vumilieni nipite kwanza kwenye kazi, maana mliniomba niwaeleze kazi.

Nilipoajiriwa, bwana mkubwa wa ofisi aliniuliza swali moja tu nje ya yale ya vyeti: "Una baiskeli?" Nikamjibu kwamba ninayo. Lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa nimerithi baiskeli ya marehemu mjomba wangu, nyeusi, nzito, yenye kengele kubwa na keria ya chuma ya kubebea gunia zima. Bwana mkubwa akaandika, akapiga muhuri, nami nikapangiwa barabara za changarawe za ng'ambo ya mto Sabaki. Hakuniuliza kama najua kuipanda. Nataka jambo hilo lieleweke vyema: hakuniuliza.

Sikujua kuipanda, wanangu. Wala sikuja kujua baadaye.

Sasa mmelijua kosa la pili la kibao chenu, ingawa bado hamjajua ukubwa wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lori la idara likitoka Malindi na changarawe, baiskeli yangu ilipakiwa juu nami nikaketi mbele kando ya dereva. Dereva alikuwa Mutua, Mkamba mrefu mwenye pengo katika meno ya mbele na asiye na breki mdomoni. Alinishusha Marikebuni, akanipokeza baiskeli, nami nikashika njia kuelekea Marafa nikiisukuma, huku nikiandika hali ya barabara: wapi changarawe imeoshwa, wapi kalvati ya kupitishia maji chini ya barabara imeziba, wapi mgongo wa barabara umelala maji yakasimama katikati. Nililala Marafa kwa mtu niliyemlipia chumba, na siku ya pili au ya tatu Mutua alinichukua akirudi.

Siku za mwanzo alinitazama tu. Kisha akaanza.

"Bwana karani, hii baiskeli unaitembeza kama mbuzi wa mnada."

"Endesha lori lako, Mutua."

"Mimi naendesha yangu. Swali ni nani anaendesha yako. Iko siku itakuuliza yenyewe: mzee, kwani mimi ni mgonjwa?"

Nilimwona mtu asiye na adabu. Hata hivyo, haki itendeke: mengi ninayoyajua kuhusu changarawe nilifundishwa na Mutua. Ndiye aliyenionyesha kwamba ukitaka kuijua changarawe, uchukue konzi moja, uitie maji kidogo, uifinye. Ikishikana kama unga wa mahamri, ina udongo mwingi, na mvua ikinyesha mtateleza nyote, baiskeli na lori. Ikimwagika vidoleni kama mchele, haina kinachoishika, na kiangazi kitaipeperusha iwe vumbi. Mnayoitaka ni ile inayoshika kidogo kisha ikapasuka. Nyinyi hamtengenezi barabara, lakini mnaipita, na elimu hiyo itawafaa: mkifika mahali ambapo njia inang'aa baada ya mvua kama sufuria iliyosuguliwa, ndipo palipo na udongo mwingi. Msifunge breki hapo. Iacheni baiskeli ijiendee.

Mutua alijaribu pia kunifundisha kupanda. Alinipeleka kwenye mchanga mgumu karibu na daraja la Sabaki, akanishikilia nyuma kwenye keria, akanisukuma.

"Tazama mbele! Usitazame gurudumu, halitoroki!"

Nikatazama gurudumu. Nilianguka kushoto, kisha kulia, kisha nikaingia kwenye miiba nikiwa bado nimeshika usukani kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni walinyanyuka wote kwa pamoja kuja kuniokoa, na nilipowaona wanakuja, nilisimama, nikajipangusa, nikawaambia kwamba nilikuwa nikipima uimara wa ukingo. Mutua alicheka hadi akakaa chini. Sikumruhusu kunifundisha tena. Nilikuwa mtu wa ofisi, mwenye sare iliyopigwa pasi na mama yangu mwenyewe, na niliona afadhali kutembea kuliko kuangushwa mbele ya watu.

Sasa nije kwenye jina.

Katika safari yangu ya kwanza nilikutana na mzee mmoja, Mzee Karisa, akija mbele yangu juu ya baiskeli yake, amefunga magunia mawili ya mkaa nyuma. Mahali penyewe palikuwa tambarare, hapana kilima wala mchanga. Mtu mwenye baiskeli nzima hana sababu ya kutembea mahali kama hapo. Alipunguza mwendo.

"Pancha?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mnyororo?"

"Mnyororo mzima."

Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi. Nikamwambia maneno haya, na nayakumbuka yote: "Nimeona si vyema kumsalimu mtu mzima nikiwa juu."

Mzee Karisa alisimamisha baiskeli. Kisha akateremka, akaiegemeza baiskeli pamoja na mkaa wake kwenye nyonga, akanipa mkono. "Basi na mimi si vyema nikusalimu nikiwa juu," akasema. Tukazungumza habari za mvua na mihogo. Alipoondoka hakupanda hapohapo. Aliisukuma kwanza, hadi nilipokata kona.

Baada ya hapo, kila aliyenikuta njiani akiwa juu ya baiskeli aliteremka. Vijana wenye madumu ya maji, wanaume wenye magunia, hata mwalimu wa shule aliyekuwa akichelewa kila siku. Walinisalimu wakiwa chini, wakatembea nami hatua kadhaa, wengine hadi kwenye nyumba zao. Wakaniita Bwana Teremka. Nami nikaamini, tena nikaamini kwa moyo wote, kwamba nilikuwa nimeleta adabu katika vilima vile.

Mke wa Mzee Karisa aliitwa Mama Dama. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko mrefu kuliko yote, ule ambao siku hizi nasikia mnashindana kuuteremka. Maji ya mvua yaliikata barabara mahali pale kila masika, na nilipendekeza uchimbwe mtaro wa kuyatoa upande. Upande huo ulikuwa shamba la mihogo ya Mama Dama. Alinisubiri barabarani, mikono kiunoni.

"Bwana Teremka, hayo maji yako ya serikali yatalala wapi?"

"Yatapita tu, mama."

"Yatapita yaende wapi? Kwa mihogo yangu? Serikali imenyimwa mahali pa kulala mpaka ije kwangu?"

Nilirudi mara nyingi kumsihi. Tulipima pamoja kwa miguu yake na ya kwangu, na hatimaye akakubali mtaro upite kwenye ukingo, karibu na ndizi, kwa masharti kwamba mimi mwenyewe niwe nikija kuutazama kila masika. Nilikuja. Ukitaka kuujua ubora wa mtaro, simama mwisho wake mvua inapokatika: maji yakitoka meusi, umechimbwa sawa na unabeba majani tu, yakitoka mekundu, unakula shamba la mtu. Wa Mama Dama uliyatoa meusi. Hilo nilijivunia, na bado najivunia, maana hilo lilikuwa langu kweli.

Basi ikafika siku yenyewe.

Mhandisi wa mkoa alikuja kutoka Mombasa. Alikuwa mpenda baiskeli, mwenye baiskeli nyepesi ya gia, na alikuwa amefuatana na wageni wawili, mume na mke, waliokaa katika hoteli moja ya Watamu. Hoteli ilitaka kujua kama kuna njia tulivu ya vilimani ambayo wageni wake wanaweza kuipita kwa baiskeli, mbali na magari ya barabara kuu. Mhandisi alifurahi kwamba atakagua barabara na kutembeza wageni kwa wakati mmoja. Tulipokuwa Marikebuni tukishusha baiskeli kwenye lori, akanishika bega.

"Athumani, hii njia wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Utatangulia. Sisi tutakufuata nyuma yako."

Nilisema, "Ndiyo, bwana." Ni karani gani wa ukaguzi wa barabara, aliyeandikwa kwamba anafanya kazi kwa baiskeli, ambaye angesema mbele ya mhandisi na wageni kwamba hajui kupanda? Kazi ilikuwa imekwisha, na jina limekwenda nayo. Nilimtazama Mutua. Kwa mara ya kwanza hakusema lolote la kuchekesha. Alinitazama, akatazama njia, akapanda lori lake.

"Nawatangulizia maji," akamwambia mhandisi, akatimua vumbi.

Niliinama kufunga kamba za viatu. Nikazifunga, nikazifungua, nikazifunga tena. Nikakagua mnyororo. Nikapuliza vumbi kwenye kengele. Mhandisi alikuwa tayari juu ya tandiko, mguu mmoja chini. Nikashika usukani, nikainua mguu kuelekea kanyagio.

"Bwana Teremka! Utanipita bila kunijulia hali?"

Alikuwa Mzee Karisa, amesimama katikati ya barabara, mbali sana na kwake. Mguu wangu ukarudi chini. Mhandisi akateremka, wageni wakateremka, tukasalimiana wote. Mzee Karisa akasema anakwenda upande wetu, akashika usukani wa baiskeli ya mgeni mwanamume kwa heshima, akaanza kuisukuma. Tungepandaje nasi?

Alipoishiwa na maneno, akatokea mwalimu wa shule na wanafunzi wake kadhaa. Wakaimba. Baada ya mwalimu akaja kijana wa madumu ya maji, akataka mhandisi aone kalvati, ambayo kwa hakika ilikuwa nzima. Kila nyumba ilikuwa na mtu barabarani, na kila mtu alikuwa na salamu, na kila salamu ilihitaji tuwe chini. Mgeni mwanamke alikuwa anafurahi sana. Mhandisi alikuwa ameanza kuuma midomo.

"Athumani, tutafika lini?"

"Watu hawa wanapenda kusalimu, bwana."

Kisha tukafika juu ya ule mteremko mrefu, na hapakuwa na mtu. Barabara ilinyooka chini mbele yetu, nyekundu, tupu, hata kuku hakuwako. Mhandisi akapanda baiskeli. "Haya sasa," akasema, "hapa hakuna wa kusalimu. Tangulia."

Niliikanyaga kanyagio. Naapa mbele yenu niliikanyaga. Nilijua kwamba nitaanguka, na nilikuwa nikichagua upande wa kuangukia, upande wa ndizi.

Mama Dama akatoka nyuma ya migomba hiyohiyo. Mgongoni alibeba mjukuu wake, mtoto mchanga aliyefungwa kwa leso, na kichwani mzigo wa kuni. Akasimama mbele ya gurudumu langu, akamfungua mtoto, akanipakatisha mikononi kabla sijasema neno.

"Nishikie huyu. Nina mzigo."

"Mama," mhandisi akasema, "huyu ni afisa, yuko kazini."

"Namwona. Si mnatuambia serikali ni yetu? Basi leo itubebee mtoto."

Mgeni mwanamke alipofasiriwa maneno hayo alicheka hadi akafuta machozi, na mhandisi hakuwa na la kufanya ila kucheka naye. Mzee Karisa, aliyekuwa bado nasi, akamrudishia mgeni baiskeli yake, akaichukua yangu. Nikateremka mteremko ule kwa miguu, mtoto kifuani, na kabla ya kufika chini alikuwa amekojolea sare yangu yote aliyoipiga pasi mama. Mutua alikuwa akitusubiri mbele ya lori na maji, akanitazama shati. "Naona umesajiliwa rasmi, bwana karani," akasema. Na kwa kuwa njia ilikuwa imetuchelewesha, mhandisi akaamua kwamba sehemu iliyobaki hadi Marafa twende kwa lori.

Jioni ile mhandisi alinipa mkono mbele ya ofisi nzima. Alisema hajapata kuona mtumishi wa serikali anayependwa na watu kiasi kile. Nami, wanangu, nilimwamini.

Nilimwamini hadi nikastaafu. Makarani vijana waliokuja chini yangu niliwaketisha nikawahubiria: raia ukimheshimu naye atakuheshimu, mimi nilikuwa nikiteremka kwa kila mtu nao wakawa wanateremka kwangu. Siku ya kuagwa nililisema tena nikiwa nimevaa koti. Watu wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja wa watu wa vilimani aliyekuwako kuyasikia, na leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Kadzo alikuja kwangu Shela kuniletea habari ya kibao. Ni mwanamke mtu mzima, ana sauti ya kusikika mtaa wa pili, na ana mkono wa kushika mtu bega kama marehemu bibi yake. Aliniamkia "Shikamoo babu," nikaitikia, nikamletea chai. Akanionyesha picha. Nikapendezwa nayo, sitawaficha. Nikaanza kumweleza jinsi ilivyokuwa, heshima na salamu, akanikatiza kwa kicheko.

"Babu, mimi ndiye yule mtoto! Mimi ndiye niliyekukojolea!"

Nikafurahi sana. Nikamwambia alivyokuwa mzito.

"Hawe hakuacha kunisimulia," akasema. Hawe ni bibi, kwa lugha ya kwao. "Kila akinikasirikia alikuwa akisema: wewe usijione, wewe ulibebwa na serikali kwa sababu serikali haikujua kupanda baiskeli!"

Alicheka peke yake. Alipoona sicheki, aliacha. Kikombe changu kilikuwa mkononi na sikujua pa kukiweka.

"Babu," akasema polepole, "nilidhani unajua kwamba walijua."

"Walijua lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Babu Karisa alirudi na mkaa wake akasema kuna karani mpya, hajui kupanda, na ana aibu, kwa hiyo mtu akikutana naye ateremke, asijione anatembea peke yake. Halafu siku ya wale wageni, yule dereva Mkamba akapita na lori nyumba kwa nyumba. Aliwaambia: leo mtu wenu ataumbuka, msaidieni. Hawe alikuwa wa mwisho kwa sababu mteremko ulikuwa kwake."

Nilihisi uso wangu ukiwaka kama nimefunua sufuria. Nilikasirika. Mimi mtu mzima, mwenye miwani na kanzu safi, nilimkemea mgeni wangu nyumbani kwangu: "Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Wangekuambia nini, babu? Hawe alisema ungeona haya, usirudi tena. Maafisa wengine walikuwa wanapita kwa gari na vioo vimefungwa. Wewe ndiye pekee uliyepita kwa miguu ukaona maji yanaingia wapi. Mtaro ule hadi leo upo."

Kadzo aliniomba radhi alipoondoka. Hakuwa na kosa. Nilikaa barazani hadi chai ikawa na utando, nikiwapanga mmoja mmoja: mzee aliyeisukuma baiskeli yake na magunia mawili ya mkaa hadi nilipokata kona, mwalimu aliyekuwa akichelewa, vijana wenye madumu yaliyojaa, wakatembea juani kwa ajili yangu kisha wakapanda nilipotoweka. Na Mutua, ambaye nilimwona hana adabu miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, akarudi kwao Ukambani alipostaafu bila kupata kutoka kwangu hata neno moja la asante. Nimeuliza habari zake. Ameshafariki, na Mama Dama na Mzee Karisa pia. Sina wa kumwendea.

Walinisitiri, nami nikaigeuza sitara yao kuwa sifa yangu, nikaitolea hotuba. Hiyo ndiyo hali halisi, nami naiandika ili iwe wazi.

Kwa hiyo, kuhusu kibao. Ondoeni volkeno kama nilivyoeleza. Ondoeni pia habari zote za mtumishi wa serikali na raia aliyekutana naye, maana mambo yalikuwa kinyume chake. Mwenye rangi akisema nafasi itabaki tupu, iacheni tupu. Na kwenye jina, futeni neno "Bwana". Bakizeni "Njia ya Teremka". Hilo litakuwa kweli, maana watu wa pale waliteremka, na atakayelisoma atajua pia anachotakiwa kufanya.

Uzinduzi nitakuja. Utepe akate Kadzo, aliyebebwa katika njia ile na serikali. Nitaileta baiskeli ya mjomba, ambayo bado ninayo. Tairi zake zimechakaa kidogo kwa kusukumwa, na tandiko lake halijachakaa hata kidogo tangu niirithi. Nyinyi pandeni zenu, mna miguu na mnajua. Nami nitawafuata taratibu nikiisukuma yangu, na atakayenikuta mahali tambarare asiniulize kama nimepata pancha.